Kuni za Mbawakawa

Mguu wa kiti uliwaka vizuri kuliko ulivyopata kubeba mtu. Glenys Prosser aliusukuma ndani ya jiko la chuma kwa ncha ya kiatu, akafunga kile kimlango cha kioo, akasimama kuutazama ukiisha. Jikoni vilikuwa vimebaki viti vitatu, na kimoja kilikuwa kimekaliwa na mumewe.

“Usinitazame hivyo,” Clive akasema. “Hiki bado nakihitaji.”

“Sikutazami wewe. Natazama kiti.”

Clive akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamshika mpaka mabega yakatikisika. Glenys akaweka mkono mgongoni mwake akasubiri, kama mtu anavyosubiri gari moshi lipite ndipo aendelee na mazungumzo. Lilipopita, midomo ya Clive ilikuwa na rangi ya zambarau changa.

“Nesi amesema chumba kisipoe,” akasema Glenys.

“Amesema. Hakusema kipashwe moto na nini.”

Hita ya umeme ilikuwapo, imefunikwa kitambaa kama kasuku aliyenyamazishwa. Kila ilipowashwa, mita ya kulipia kabla ilikimbia mbio ambazo pensheni zao mbili, hata zikishikana mikono, hazikuweza kuzifuata. Ndiyo sababu viti vilikuwa vikipungua.

Zamani kuni hazikuwa jambo la kuzungumzwa. Mzee Bufton, mwenye bonde la Bredwyn lililo chini ya nyumba yao, alimruhusu Clive akate miti ya kando ya kijito, naye Clive akamrekebishia ua wa kondoo. Mzee alipofariki, bintiye aliyeko mjini alilitoa bonde kwa Marafiki wa Bonde la Bredwyn, watu wanaojitolea kuhifadhi maumbile. Marafiki wakaweka lango, na kwenye lango kibao, na juu ya kibao wakaandika KARIBU kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, yalifuata yale yote ambayo hukukaribishwa kuyafanya.

Kila Jumatano wakati wa baridi, kutoka dirisha la jikoni, moshi wao ulionekana ukipanda bondeni, mnene na mweupe.

“Wanachoma nini leo?” Clive akauliza.

“Matawi.”

“Ya kupikia nini?”

“Viazi, nadhani. Na kujiota.”

Clive akatikisa kichwa. “Watu wana hita mpaka chooni, wanashuka bondeni kuota moto.”

Glenys alikuwa ameshatoa gambuti zake nyuma ya mlango, anazikung’uta buibui.

“Unakwenda wapi?”

“Jumatano ijayo nakwenda kujitolea,” akasema. “Anayekata miti hakosi kijiti cha kurudi nacho.”

Magari langoni yalikaribia kuwa sawa na watu, maana hakuna aliyetaka kumsumbua jirani yake kwa kuomba lifti. Glenys, aliyeshuka kwa miguu kupitia shamba la kondoo, alifika wa kwanza na kungoja peke yake, akakanyagakanyaga ili vidole visife ganzi.

Mwenyekiti, Rosalind Cheyne, alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mwenye kofia ya sufu iliyofumwa na mtu anayempenda, na aliongea na watu wazima kama anayewavusha barabara.

“Karibu, mpenzi, karibu sana! Siku zote tumekuwa tukitamani kupata watu wa hapahapa!” Alilitamka hilo la watu wa hapahapa kama mtu anayetaja ndege adimu aliyeonekana juu ya paa lake.

Kazi haikuanza. Kwanza alisimama Hugh Lambourne, aliyekuwa mkaguzi wa kampuni ya bima na sasa amejitolea kuwa mtu wa usalama. Akawaeleza, kama alivyowaeleza Jumatano zote, kwamba msumeno hukata, kwamba matawi huchoma macho, kwamba maji ya kijito ni baridi na ukingo wake huteleza.

“Glenys, wewe ni mgeni. Unao ugonjwa wowote tunaopaswa kuujua?”

“Mimi sina.”

“Likitokea jambo, tumpigie nani?”

“Mume wangu. Lakini hawezi kuja.”

“Sasa tukimpigia itasaidia nini?”

“Atafurahi kuulizwa,” akasema Glenys, na watu wawili watatu wakacheka, wakidhani ametania.

Kazi yenyewe ilikuwa njema. Walikata miti iliyosongamana kando ya kijito ili mwanga uingie. Glenys alipewa kushika upande mmoja wa msumeno, na upande wa pili ukashikwa na Alistair Fenn. Alistair alikuwa daktari wa meno, na kila aliyemwona akikata gogo alimshukuru Mungu kwamba amestaafu. Msumeno wake ulianza hapa ukamalizia kule, na magogo yake yote yalikuwa na upande mmoja ulioinama kama kofia ya mlevi.

“Mti una mshipa,” alieleza, akihema.

“Naona,” akasema Glenys kwa upole.

Matawi yalitupwa motoni. Magogo mazito yalibebwa mpaka chini ya mwaloni mkubwa, yakapangwa juu ya mengine ya mwaka jana na mwaka juzi, kichwa kwa kichwa, mpaka rundo likawa refu kama meza ya harusi. Glenys aliyatazama yale ya chini, makavu, yamepasuka nyota katikati, yanalia yakigongwa. Mate yakamjaa mdomoni kana kwamba ni mikate.

Ilipofika saa ya chai, saa iliyoheshimiwa na Marafiki kuliko sheria zote za Hugh, keki zilifunuliwa juu ya kitambaa. Kulikuwa na keki ya karoti, keki ya limau, na nyingine yenye mbegu isiyotiwa sukari ambayo kila mtu aliisifu na hakuna aliyerudia. Glenys alikuwa amekuja na biskuti za pakiti. Aliziweka pembeni, akakunja karatasi upande wenye jina la duka.

“Oo, za dukani!” Rosalind akapiga makofi. “Sijala hizi tangu utoto! Zinanikumbusha yaya wetu.”

Akachukua moja, akaishika mkononi muda wote wa chai. Glenys akasubiri kila mtu ashibe kidogo, maana aliyeshiba husikia vizuri.

“Haya magogo,” akauliza, “mnayapeleka wapi?”

“Hatuyapeleki popote!” Rosalind akasema kwa furaha. “Hiyo ni nyumba ya mbawakawa. Wanataga mayai humo, watoto wao wanautafuna mti polepole, miaka na miaka. Kuna aina ambayo huku kwetu ilikaribia kutoweka, fikiria!”

“Na wote hao watayamaliza magogo yote haya?”

“Watakayoacha, uyoga utayachukua.”

Glenys akaweka kikombe chini. “Nilikuwa nawaza. Nyumbani kuni zimetuishia. Mume wangu ana kifua kibaya, na nesi kasema chumba kisipoe. Kama ningepata machache tu. Hata haya yaliyoinama.”

Alistair akaacha kutafuna. Moto ukapasua tawi, cheche zikaruka, na watu wote wakageuka kuzitazama kwa shukrani.

“Si kwamba hatutaki, mpenzi,” Rosalind akaanza.

“Ni bima,” Hugh akamalizia. “Gogo likikuangukia mguuni ukiwa hapa, una bima. Likikuangukia nyumbani kwako, gogo hilo ni la nani?”

“Langu.”

“Basi hapo ndipo penye tatizo.”

“Halafu tukimpa mmoja,” akasema mama mmoja mwenye glavu mpya, “kesho watakuja wote.”

“Wote nani?” Glenys akauliza. “Kule juu tumebaki sisi na mjane wa posta, naye anatumia mafuta.”

“Nasema kwa mfano tu, mpenzi.”

“Na matawi je? Mnayachoma hapahapa.”

“Huo ni moto wa kazi,” Hugh akafafanua. “Ukitoka nje ya lango unakuwa moto wa nyumbani.”

Rosalind akamwegemea, akamnong’oneza kwa wema. “Isitoshe, kuni kama hizi hazifai. Mimi nachoma zilizokaushwa kwenye tanuri, zinatoka Latvia, wanakuletea mlangoni kwenye neti safi kabisa. Zinashika moto kama karatasi! Nitakupa namba yao. Na kuna kipeperushi kizuri sana kuhusu kuvaa nguo tabaka tatu.”

Glenys aliyahesabu kimoyomoyo matabaka yaliyokuwa mwilini mwake. Akafika la tano, akaacha.

Wakaona ni haki wapige kura. “Wewe bado hujawa mwanachama kamili,” Rosalind akamtuliza, “kwa hiyo usijisumbue kuinua mkono.” Mikono ikainuka. Mbawakawa wakashinda bila mpinzani. Alistair aliinua wake nusu, kama mtu anayeita mhudumu mkahawani bila uhakika, akaushusha wa kwanza.

Glenys alipanda mlima akinuka moshi kutoka nywele hadi soksi, mikono mitupu.

Ndani kulikuwa na baridi ya kuona pumzi. Clive alikuwa amejifunga blanketi mpaka masikioni, na kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi kama birika la jirani. Alipomwona mkewe alijiinua.

“Wamekubali?”

Angekuwa mume mwingine, Glenys angesema kweli, kisha angengoja giza. Lakini Clive Prosser hakuwahi kuokota hata tufaha lililoanguka bila kwanza kubisha hodi kwa mwenye mti. Kuni za wizi angezitoa jikoni kwa koleo, zikiwa zinawaka.

“Wamekubali,” akasema. “Watanigawia kidogo kidogo.”

Uso wa Clive ukafunguka. “Nilijua! Si watu wabaya wale, Glen. Wamezoea raha tu. Siku nitakayoweza kushuka kule, nitawashukuru mwenyewe.”

“Usishuke,” Glenys akasema haraka. “Kunateleza.”

Kesho yake asubuhi alichukua kikapu chake cha magurudumu, kile cha kwendea dukani, akazunguka nyuma ya shamba. Alianza na yale makavu ya chini, akayachomoa mojamoja kwa adabu. “Samahani,” alimwambia kila mbawakawa aliyemwona, akampuliza arudi kwenye gogo la jirani. Jioni ile jiko liliimba. Clive alivua kofia ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, akala mayai mawili.

Rundo lililonyonywa chini haliwezi kusimama vilevile juu. Mwisho wa Januari, Jumatano moja, Marafiki walilikuta limeketi, limeingia katikati kama godoro la mtu mnene.

Rosalind akaweka mkono kifuani. “Tumeibiwa.”

“Hapa palikuwa na gogo langu,” akasema Alistair.

“Umejuaje kama lilikuwa lako?”

“Mtu anajua kazi yake. Lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja.”

Hakuna aliyemuuliza lipi. Hugh tayari alikuwa amechuchumaa, anayakagua matope.

“Hili ni genge,” akatangaza. “Genge lenye lori. Tazameni alama za magurudumu.”

“Mbona ni nyembamba?” Alistair akauliza.

Hugh akazitazama tena, akatafakari. “Lori dogo.”

Glenys alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe cha chai. Chai ilipoa mkononi.

“Wangejua tu wanachokiharibu!” Rosalind alikuwa karibu kulia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. “Viumbe vile havina pengine pa kwenda. Majira kama haya, mtu unawezaje kubomolea mwenzio nyumba?” Akafuta pua. “Tunahitaji jicho hapa. Nani anaishi karibu?”

Vichwa vikageuka kimoja baada ya kingine mpaka vyote vikawa vinamtazama Glenys.

Basi akavishwa fulana ya njano inayong’aa, akapewa filimbi yenye kamba, na papo hapo, kwa mikono yote kuinuliwa, akafanywa mwanachama kamili. Mama wa glavu mpya akampiga picha kando ya rundo. “Tabasamu, Glenys! Sasa wewe ni mlinzi wa mbawakawa.”

Clive alifurahi kuliko yeye. “Hebu geuka nione na nyuma! Wamekupa cheo, mke wangu. Mimi miaka yote kule hakuna aliyenipa hata filimbi.” Akainyosha fulana begani kwake. “Lakini kuiba kuni za wadudu! Mtu wa namna hiyo hana haya kabisa. Ukimkamata, mpulizie sikioni mpaka akome.”

“Nitampulizia,” Glenys akasema, akafungua jiko, akaweka gogo. Lilikuwa limeinama upande mmoja.

Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi aliamua kuacha. Alikaa siku mbili bila kushuka. Siku ya kwanza kiliondoka kiti kingine, vikabaki viwili. Siku ya pili sakitu, ule umande ulioganda, ilishuka nzito hadi ndani ya kioo cha dirisha, na kikohozi cha Clive kikarudi na mizigo yake yote. Nesi alifika, akamsikiliza mgongoni, akamvuta Glenys ukumbini.

“Bi Prosser, nilisema kuhusu joto.”

“Ulisema.”

“Likimshuka hivi mara nyingine, hatutaongea hapa. Tutaongea hospitali, na sijui kama atarudi.”

Glenys akamfungulia mlango. Halafu akavaa fulana ya njano, akaning’iniza filimbi shingoni, akakokota kikapu mpaka bondeni mchana kweupe. Akagundua jambo ambalo lilimshangaza: mtu aliyevaa njano haulizwi kitu. Bwana mmoja mwenye mbwa alimkuta akitoka na kikapu kimejaa mpaka kinagumia, akavua kofia.

“Asante kwa kazi mnayoifanya,” akamwambia. “Ingekuwa si ninyi, bonde hili lingekwisha.”

Matembezi ya baridi ya Marafiki hufanyika kila Februari, na mwaka huo bonde lilikuwa limeganda mpaka nyasi zinavunjika. Walikuja wanachama na wageni kadhaa waliofikiriwa kuwa wanaweza kuchangia. Rosalind aliwatangulia na fimbo. Aliwaonyesha nyayo za sungura, kisha kiota kitupu, kisha rundo la mbawakawa, ambalo sasa lilikuwa fupi kama kitanda cha mtoto.

“Huyu hapa ndiye mlinzi wetu,” akasema. “Bila yeye lisingebaki hata hili.”

Wageni wakampigia makofi. Glenys akatazama buti zake.

Mbele kulikuwa na daraja la mbao ambalo Marafiki walilijenga wenyewe vuli iliyopita. Kulijenga kulichukua siku moja, na kujadili maneno ya kibao chake kulichukua mwezi. Wengine walitaka HATARI, wengine wakaona hatari ni neno la kutisha watoto, na mwishoni ikakubaliwa TAFADHALI TEMBEA KWA FURAHA NA UANGALIFU. Waya wa kuzuia kuteleza ulisahauliwa katika mjadala. Rosalind alirudi nyuma hatua moja ili wageni wakione kibao vizuri, na hatua ile haikupata mbao.

Aliingia kijitoni hadi kiunoni, akiwa bado ameelekeza fimbo kwenye kibao.

Walipomtoa, meno yake yaligongana kama vijiko ndani ya droo. Hugh alifungua mkoba wa huduma ya kwanza. Mlikuwa na plasta, na mkasi wa kukatia plasta.

“Magari yako wapi?” mgeni mmoja akauliza.

“Kule langoni, ng’ambo ya kilima.”

“Hafiki,” akasema Alistair, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya daktari. “Akitembea na nguo hizi kwenye upepo huu, hafiki. Ile nyumba pale juu inafuka moshi. Ni ya nani?”

Wote wakainua macho. Juu ya shamba la kondoo, kutoka bomba la nyumba ndogo ya mawe, moshi mzuri ulikuwa unapanda umenyooka.

Glenys akajisikia baridi ambayo haikutoka kwenye barafu. Ukutani jikoni mwake, kando ya jiko, magogo yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa dirisha.

“Ni kwangu,” akasema. “Lakini… ni padogo sana. Na hapajafagiliwa.”

“Mpen… mpenzi,” Rosalind akasema, midomo imegeuka zambarau changa, “hata ba… banda.”

Rangi ile Glenys aliijua. Alikuwa akiitazama kila asubuhi tangu baridi ianze. Akamkamata Rosalind kwapani.

“Twende,” akasema. “Nyanyua miguu, mama. Usinilalie njiani.”

Wakaingia wote, maana hakuna aliyetaka kubaki nje akiwa muungwana. Clive akainuka kwenye kiti, akampa Rosalind, akabaki ameshikilia ukuta. Glenys alimvua yule mama buti na soksi na koti, akamvika gauni lake la kulalia, blanketi la Clive, na kofia ya Clive. Wengine wakajipanga kulizunguka jiko, wakanyoosha viganja. Soksi zikaanza kutoa mvuke. Joto lilikuwa limewashika, na mtu aliyeshikwa na joto hatafuti maneno.

Alistair ndiye aliyeona. Macho yake yalitembea ukutani kutoka gogo hadi gogo, taratibu, kama anayepita kwenye kinywa kibovu, yakasimama.

“Lile pale,” akasema, “nimelikata mimi.”

Hugh akageuka. Mama wa glavu mpya akageuka. Nyuma ya mlango, juu ya msumari, ilining’inia fulana ya njano, na chini yake kikapu cha magurudumu mawili membamba, yenye matope ya bondeni. Hugh akayatazama magurudumu kwa muda mrefu. Lori lake dogo.

Rosalind, ndani ya blanketi, naye alikuwa ameona. Kidevu kikapanda, na ule uso wa mwalimu mkuu ukaanza kurudi mahali pake, kipande kwa kipande, chini ya kofia ya mzee. Akafungua mdomo.

“Bi Cheyne,” Clive akamwahi, “samahani nakukatiza. Nimeingoja siku hii tangu Januari.”

Akauacha ukuta, akasimama sawasawa, mkono mmoja kifuani ili kumzuia yule jini wa kikohozi.

“Mimi si mtu wa maneno. Nilitaka kushuka mwenyewe niwashukuru kwa kuni, ila mke wangu ananikataza, anasema kunateleza. Naona hakukosea.” Akatabasamu kidogo. “Nesi aliniambia usoni kwamba kama si hili jiko, mwezi huu nisingeumaliza. Mngeweza kusema hapana. Watu wengi wangesema hapana. Ninyi mkagawana na watu msiowajua. Basi Mungu awazidishie.”

Glenys alikuwa amesimama na birika mkononi. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Rosalind Cheyne, na hakumwomba kwa macho, wala hakumtisha. Alingoja tu, kama alivyongoja kura.

Maji yalidondoka kutoka koti lililotundikwa, tone moja, tone jingine. Mgeni mmoja, bibi mwenye kitabu cha hundi ndani ya mkoba, alikuwa ameshika kitambaa puani. “Jamani,” akanong’ona, “hili ndilo jambo zuri kuliko yote niliyoyasikia leo. Kwa nini hamkutuambia mnafanya hivi?”

Rosalind akafunga mdomo. Akaufungua tena, na safari hii kilichotoka kilikuwa laini.

“Sisi,” akasema, “hatupendi kujitangaza.”

“Hatupendi kabisa,” akasema mama wa glavu mpya.

“Maumbile na jamii,” Rosalind akaendelea, joto likimpanda shingoni, “ni kitu kimoja. Nimekuwa nikisema hivyo siku zote. Sivyo, Hugh?”

Hugh alionekana kama mtu anayetafuta fomu. “Kuna lile suala la bima…”

“Hugh.”

“Ndiyo,” akasema Hugh. “Siku zote.”

“Basi Jumatano Glen atakwenda kuchukua kama kawaida?” Clive akauliza. “Nisije nikawa nawazidishia.”

Alistair Fenn akainua mkono wake, wote, mpaka juu.

“Kama kawaida,” Rosalind akasema, bila kumtazama Glenys. “Tena asikipe shida kikapu. Tuna toroli.”

Glenys akamimina chai. Nyingine ikamwagikia kisahani, akainywa mwenyewe kutoka kisahani kile.

“Bwana Hugh,” akasema Clive, akishuka taratibu kwenye kiti cha mwisho, “uko karibu na mlango wa jiko. Tuongezee moja, moto unalala.”

Hugh akatazama kushoto, akatazama kulia. Akapiga magoti juu ya zulia, akachagua gogo, akaligonga ukingoni mwa jiko kama anayebisha hodi. Gamba likabanduka, na mbawakawa mmoja mweusi akaanguka chali juu ya sakafu, akichezesha miguu hewani.

Wote wakainama. Hugh akamkinga kwa kiganja, akaanza kumpeleka mlangoni.

“La, la, usimtoe!” Rosalind akapiga ukelele, blanketi likimporomoka begani. “Hugh, una wazimu? Huko nje kuna baridi, maskini, atakufa!”

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Glenys akamchukua yule mdudu kwa kijiko cha chai, akaja naye mpaka mbele ya jiko, kwenye jiwe lenye joto.

“Clive,” akasema, “sogeza mguu kidogo.”

Clive akausogeza.